Mzee aliniuliza, "Huyu ni nani?"

Alizivaa hedifoni kwa mikono miwili, kama mtu anayejaribu kofia ya mwenzake. Akafumba macho. Nikabonyeza.

Gitaa likaanza, naye akawa anatikisa kichwa taratibu. Kisha ikaingia sauti, sauti yake mwenyewe, niliyokesha nayo siku tatu. Kichwa kikasimama. Akafumbua macho, akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo kana kwamba kuna mtu kajificha nyuma yake.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Nikacheka. Watu wa Tanga na utani wao. "Ni wewe, Mzee."

"Mimi?"

"Wewe, Mzee."

Akazivua hedifoni, akazilaza mezani kama anayerudisha yai kiotani. "Anaimba vizuri," akasema. "Ila mimi simjui."

Akanishukuru, akachukua bakora yake, akaondoka.

Hiyo ilikuwa Juni. Tangu hapo nimetengeneza biti sita na kumiksi nyimbo za watu wengine wanne, na sijafungua programu hata siku moja bila kulisikia swali lile. Nimejaribu kulipuuza. Nimejaribu kulijibu kimoyomoyo nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Sasa naliandika, labda litaniacha nilale.

## Trei za mayai

Studio yangu ni chumba cha uani, Temeke, mita tatu kwa tatu na nusu. Ukutani nilibandika trei za mayai, kama alivyowahi kufanya kila prodyuza wa uswahilini kabla hajasoma. Nilizikusanya kwa muuza chipsi miezi miwili mizima. Wanaojua watacheka. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, yaani chumba changu mara mbili. Trei ya karatasi itamzuia nani? Zinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, basi. Besi bado inajikusanya kwenye kona kama vijana kijiweni, na jogoo wa jirani anaingia kwenye kila rekodi bila kubisha hodi.

Kilichonisaidia ni kabati la nguo. Nalifungua milango yote miwili, mwimbaji analipa mgongo, maiki inamtazama yeye na makoti yaliyo nyuma yake. Kuna wimbo wa mapenzi uko YouTube leo umerekodiwa mbele ya mabuibui ya mama yangu.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa kwa bando la usiku na walimu wa YouTube, wengi wao Wahindi na Wanaijeria wenye subira ya ajabu. Miezi ya mwanzo nilitumia toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, lile linalokuruhusu kuhifadhi kazi ila huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Maana yake ukianza biti, ama unaimaliza, ama kompyuta haizimwi. Biti yangu ya kwanza ya maana ilikaa wazi siku nne. Siku ya tano umeme ukakatika saa nane usiku, na betri ya laptopu ilikuwa ya mapambo tu.

Nikaitengeneza upya kwa kukumbuka. Haikufika hata nusu.

Mpaka leo nikiwa naoga huwa naisikia ile ya kwanza.

## Sikio lililoota meno

Mwaka wa kwanza sikusikia kosa lolote kwenye kazi zangu. Nilikuwa na furaha kama mjinga. Kizazi chetu kimekua kikisikia majina ya P-Funk Majani, Master J na Miikka Mwamba kabla hatujajua prodyuza anafanya nini hasa, na mimi nilijiona nimeshaingia kwenye ile safu, bado tu watu kujua.

Mwaka wa pili masikio yakafunguka, na kila kitu kikawa kosa.

Kwanza niligundua kwamba nilikuwa najidanganya kwa sauti kubwa. Msikilizishe mtu kitu kilekile mara mbili, mara ya pili ukipandishe kidogo tu, atakuambia cha pili ni bora. Basi kila plagini, yaani programu ndogo ya kuchakata sauti, niliyoongeza nilidhani imesaidia, kumbe imepandisha sauti. Nilikaza masta, ile nakala ya mwisho ya wimbo, mpaka mawimbi yakawa tofali. Spotify ikalipokea tofali langu, ikalishusha mpaka kwenye kiwango chake, karibu LUFS hasi 14 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, likakaa sawa na nyimbo za watu waliolala usingizi wao wote.

Kisha besi. Konda mmoja, jirani yetu, alichukua wimbo wangu kwenye flashi akaupiga kwenye daladala. Besi ikammeza mwimbaji mzimamzima. Kwenye simu ya dada yangu besi yenyewe haikuwepo, kwa sababu spika ndogo ya simu haifiki chini kule. Dawa niliijua baadaye: unaichafua besi kidogo ili izae sauti za juu yake, zile ambazo simu inaweza kuzitamka, na sikio la msikilizaji linaijazia besi lenyewe. Napenda sana jambo hili. Mtu anasikia kitu ambacho hakikupigwa.

Nayataja haya haraka kwa sababu ni ufundi, na ufundi unafundishika. Shida iliyonipata haikuwa ya ufundi. Sikio langu lilikuwa limeota meno na halikujua kufunga mdomo. Nasikia adhana, nawaza mwangwi ule una sekunde ngapi. Niko harusini, nataka kumsogeza MC mbali na spika. Siku moja mama anasonga ugali huku akiimba, kama alivyoimba tangu nipo mgongoni kwake, na kichwani mwangu, kwa kipimo chetu ambacho hatua moja ya kinanda ni senti mia, likapita wazo hili:

Kashuka senti thelathini.

Nilistuka. Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo. Lakini sikuacha. Nilijiambia huo ndio ukuaji, kwamba fundi cherehani naye hawezi kuingia sherehe bila kuona pindo lililopinda.

## "Hii saa inanigombeza"

Mzee aliletwa na binti yake, anayeishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Zamani aliimba Ngamiani, mtaa wa Tanga, kwenye vikundi vidogo vya taarab, enzi ambazo Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star na magitaa ya umeme pale ambapo Unguja waliweka fidla. Yeye hakuwa nyota. Alisema mwenyewe: "Nilikuwa naimba wakubwa wakienda kuvuta sigara." Sasa mjukuu wake alikuwa anaolewa Agosti, na alikuwa na wimbo wa beti nne aliotaka upigwe ukumbini. Tukakubaliana elfu hamsini, akatoa elfu ishirini ya kutangulia.

Rafiki yangu mmoja alipiga gitaa. Mimi niliandaa ngoma, nikaweka ile saa ya mapigo ambayo kila anayerekodi anaijua: tik, tik, tik, tik masikioni, ili kila kitu kikae kwenye mstari.

Mzee alivumilia ubeti mmoja.

"Hii saa inanigombeza," akasema.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba lazima. Bila saa siwezi kukata kiitikio kimoja kizuri nikakibandika mara nne. Bila saa ngoma na sauti zitakwenda kila mmoja na njia yake. Akanisikiliza, akaitikia "haya", kwa ile "haya" ya mtu mzima anayemwachia mtoto kisu kwa sababu amechoka kumnyang'anya. Akaimba. Kila mwisho wa mshororo alichelewa. Mahali pengine alichelewa sana, kama aliyesahau, halafu akaingia mtu akiwa ameshakata tamaa.

Aliimba mara tatu, akanywa maji, akaenda zake. Nami nikaanza kazi.

Wasiowahi kuifanya kazi hii wajue hivi: programu inaichora sauti ya mtu kama vidonge vilivyolala juu ya mistari. Kila mstari ni noti. Kidonge kikiwa katikati ya mistari miwili, umetoka nje. Unakishika kwa kipanya, unakivuta, kinakaa. Ukitaka ifanye yenyewe, unaweka kasi ya kurekebisha kwenye sifuri, na hakuna kidonge kitakachobaki nje. Usiku wa kwanza nilivuta vidonge. Usiku wa pili nikavuta muda: kila silabi iliyochelewa nikaisogeza mbele mpaka kwenye mapigo. Usiku wa tatu nikasafisha pumzi, mikwaruzo ya koo, na yule jogoo.

Saa kumi alfajiri nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Hakukuwa na kosa hata moja.

Niliona fahari sana. Siwezi kulificha hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma.

## Waliosifu

Mzee alipoondoka niliupeleka wimbo kwa watu. Yule mpiga gitaa: "Kali." Dada yangu: "Kumbe babu anaimba hivi?" Kwenye grupu letu la WhatsApp la maprodyuza walitaka kujua plagini gani nimetumia. Hakuna aliyelalamika.

Mlalamikaji alikuwa mmoja tu, na ndiye mwenye sauti.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza kunila, maana nilikuwa na njia mbili za kulisoma jambo lile na zote zilikuwa na mantiki. Ya kwanza: kila mtu anachukia sauti yake akiisikia kwenye rekodi, kwa sababu tunapoongea tunajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na maiki haina mifupa. Basi Mzee alistuka tu, kama wanavyostuka wote. Hii niliishikilia wiki nzima. Ilikuwa tamu.

Ila haikusimama. Mtu anayeichukia sauti yake husema "mbona naimba hivi?" Mzee hakusema hivyo. Alisema yule anaimba vizuri, ila hamjui.

Wiki mbili zikapita bila yeye kurudi kuchukua kazi yake. Binti yake nikikutana naye dukani ananisalimu vizuri, haulizi.

## Chombo kinachoitwa kanuni

Julai nilivuka kwenda Unguja kwa shughuli ya kifamilia. Jioni nikafikishwa na ndugu yangu kwa mwalimu mmoja wa kanuni pale Mji Mkongwe. Sikwenda kutafuta jibu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kurekodi sauti za kanuni niziweke kwenye biti. Nisijipambe.

Kama hujaikalia karibu: ni chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, na upande wa kushoto kuna visu vidogo vya chuma, vingi, safu kwa safu. Mpigaji anavinyanyua na kuvilaza huku akipiga, na kila kimoja kinaupandisha au kuushusha uzi kwa kipande kidogo kuliko hatua ndogo kabisa ya kinanda. Nilicheka peke yangu kwamba kwa Kiswahili chombo hiki, chenye milango yote hii ya kupenyea, kinaitwa kanuni.

Mwalimu akapiga noti moja. "Hii ni nini?"

Nikatoa simu, nikafungua programu ya kupimia. Mshale ukarukaruka kati ya noti mbili. Haukutulia kwenye hii, haukutulia kwenye ile.

"Iko nje," nikasema.

"Nje ya wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Noti haina kosa," akasema. "Kipimo chako ndicho hakina namba yake."

Hesabu yake ni rahisi, na niliijua kabla. Nilikuwa nimeisoma kwenye maelezo ya plagini bila kuielewa. Oktava moja imegawanywa hatua 12, kila hatua senti 100. Kinanda kinajua 300 na kinajua 400. Katika Rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu inakaa kwenye 350 na kitu, na hata hapo kila mji na kila fundi ana pake. Ukiipeleka kwenye programu yangu itaulizwa: unakwenda 300 au 400? Haina njia ya tatu. Lazima ichague, na itachaguliwa na kijana wa Temeke saa tisa usiku.

Sidai kwamba Mzee aliimba Rast. Taarab ya Tanga ilikuwa ya magitaa, na gitaa lina vyuma vyake shingoni, haliendi huko katikati. Lakini sauti ilikuwa inapita humo. Inapanda kutoka noti moja kwenda nyingine kwa kupitia njia ya uchochoroni, inasimama kidogo kwenye baraza la mtu, ndipo inafika. Mimi nilizijenga zile chochoro zote ukuta.

Kwenye boti ya kurudi nilitapika. Bahari ilikuwa mbaya, nisisingizie huzuni.

## Nisijifanye mtakatifu

Hapa ndipo makala za namna hii hugeuka kuwa hotuba dhidi ya otityuni, hiyo programu ya kunyoosha sauti, na mimi siwezi kuitoa hotuba hiyo kwa uso mkavu. Programu ya Auto-Tune ilitoka 1997, ikitengenezwa na Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhini kutafutia watu mafuta. FruityLoops, ambayo ndiyo FL Studio ya leo, nayo ilitoka Ubelgiji mwaka huohuo. Ni mwaka niliozaliwa mimi. Hivi vitu si wageni kwangu, ni wa rika langu.

Tena muziki ninaoupenda umejengwa juu ya kuharibu. Mchiriku ulichukua kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, ukakipitisha kwenye spika mbovu za tarumbeta mpaka kikalia kama nyuki aliyekasirika, na ule ukali ndio utamu wenyewe. Singeli ilikamata vipande vya taarab ikavizungusha kwa mwendo ambao taarab haikuwahi kuuota, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kwenye sherehe za vigodoro za Manzese na Tandale. Leo inachezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hakuna aliyewaomba ruhusa wapiga fidla.

Na kuna kijana wa Mbagala anakuja kwangu kila mwezi. Yeye anataka otityuni ikazwe mpaka sauti ikwaruze kama roboti lenye mafua. Nikiilegeza ananiambia nimemdhulumu. Yuko sahihi. Sauti ile kaichagua, kaifanyia mazoezi, anajua atakapoipindisha ili programu imdake na kumrusha. Anaipiga plagini kama wengine wanavyopiga zumari.

Kwa hiyo dhambi yangu haikuwa kutumia chombo. Nililizunguka hili siku nyingi bila kuona mlango. Kama otityuni si kosa kwa kijana, kwa Mzee imekuwaje kosa? Jibu la haraka lilikuwa kwamba wazee waachwe kama walivyo, na hilo jibu nililishika kwa siku kadhaa, nikajiona mwenye hekima.

Mzee mwenyewe akaliharibu.

## "Hapa rekebisha"

Nilikwenda kwao Jumapili baada ya alasiri, na laptopu, na rekodi mbichi: haijaguswa, pumzi zake, jogoo, kila kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na yule bwana?"

"Hapana. Leo nimekuja na wewe."

Akatabasamu kidogo. Binti yake akaleta chai na kashata. Nikapiga.

Nilitarajia afumbe macho, aridhike, mimi niombe radhi, tusameheane, niende nyumbani. Nilikuwa nimeshaiandaa na radhi yenyewe. Ubeti wa kwanza haujaisha akanyanyua kidole.

"Rudisha. Hapo."

Nikarudisha.

"Hapo nimeteleza. Hapo rekebisha."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nirekebishe, Mzee? Si uliikataa..."

"Mimi nilikataa nini? Nilikuuliza huyu ni nani, hukunijibu." Akanywa chai. "Hapo sauti ilinikauka, nilikuwa sijanywa maji. Inatia aibu. Rekebisha. Endelea."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Alinionyesha mahali pane ambapo aliteleza. Pane tu. Mahali kwingine ambako mimi ningeapa kwamba kateleza zaidi, nikimwonyesha anatikisa kichwa: pale alikwenda kwa makusudi. Nikafungua picha ya vidonge, nikaweka mtelezo wake mmoja karibu na makusudi yake mamoja. Vilifanana kama mapacha. Vyote viko nje ya mstari, vyote kwa kiasi kilekile. Hakuna kitu kwenye kile kioo kingeweza kuniambia kipi ni kipi.

Nikamwuliza anajuaje.

Akanitazama kama niliyemwuliza anajuaje mguu wake wa kulia.

Kisha tukafika kule kwenye kiitikio, pale anapochelewa sana, pale nilipomsogeza mbele karibu sekunde nzima ili awahi mapigo yangu. Nikamwuliza kwa unyonge: na hapa, Mzee, ulisahau?

"Hapo nilikuwa namngoja mwenzangu aitikie."

Binti yake, aliyekuwa anapanga vikombe, aliacha kuvipanga. Sikuuliza mwenzake nani. Kwenye wimbo nilioutengeneza mimi ile nafasi haikuwepo tena. Nilikuwa nimeiziba usiku wa pili, nikaenda kulala.

## Mara kumi na moja

Kuanza upya kulinigharimu. Nilifuta ngoma zote zilizofuata saa. Nikachukua rekodi ile ya tatu, nzima bila kukata, nikarekebisha mahali pane alipopataja, tena kwa mkono, kidonge kimoja kimoja, na kila kimoja nikakiacha kikiwa na mtikisiko wake. Nikamwita mpiga gitaa aje aifuate sauti ya Mzee badala ya sauti kuifuata saa. Alitukana. Mara kumi na moja alirudia, kwa sababu mwisho wa kila mshororo ulikuwa na urefu wake na hakuna kiitikio kilichofanana na kingine. Mara ya kumi akasema Mzee huyu hajui mapigo. Mara ya kumi na moja akanyamaza, akapiga mpaka mwisho, akaomba kusikiliza tena.

Jogoo yumo, ubeti wa tatu, kwa mbali. Angeweza kutoka. Nilimwuliza Mzee, akasema kwani harusi inafanyika wapi, mwezini?

Tangu hapo nimebadilisha jambo moja dogo kazini. Kabla sijafungua chochote namkalisha mwimbaji, tunasikiliza rekodi mbichi pamoja, namwuliza wapi umeteleza. Wengi hawajui. Wengine wanakasirika, wanadhani nawaambia hawajui kuimba. Kijana wa Mbagala alijibu "popote, bro, wewe kaza tu," na nikakaza. Dada mmoja wa kwaya alinionyesha mahali pamoja, halafu akarudi kesho yake kusema kuna pengine pia aliteleza lakini anapapenda, paachwe. Sijui kama nimekuwa prodyuza bora. Nimekuwa mwepesi kuchoka, na kazi moja sasa inachukua siku nne badala ya mbili, na bei sijapandisha.

Mama akiimba jikoni, bado lile sikio linapima. Huwa nalisikia likipima. Sasa angalau najua kwamba sijamwuliza.

## Ukumbini

Harusi ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa Temeke, spika kubwa kuliko ukumbi. DJ aliuweka wimbo wa Mzee baada ya keki, na mimi nikiwa nyuma nikasikia kila kosa la miksi yangu: gitaa limezidi upande wa kulia, chini kuna ukungu, herufi za "s" zinakata. Mikono ilikuwa inawasha.

Mzee alikuwa amesimama karibu na spika, kanzu na koti, mdomo umefungwa. Hakuigiza kuimba. Alisimama tu pale sauti yake inapotokea.

Ikafika kwenye ile nafasi ya kiitikio, pale anapongoja. Kimya kikakaa. Mwanamke mmoja mtu mzima, wa kutoka Tanga kwa namna alivyofunga leso yake, akaitikia kutoka kwenye kiti. Halafu wengine wawili. Kisha wakainuka wakaja mbele kumtuza, kwa mwendo ule wa kujivuta wa taarab, noti zikipungwa hewani, wakazichomeka moja moja kwenye mfuko wa koti la mtu ambaye haimbi.

Beti mbili tu. DJ akakata, akaweka singeli, ukumbi ukalipuka, na bibi harusi akavua viatu.

Mzee alinifuata mlangoni wakati natoka. Akatia mkono mfukoni, akatoa lile fungu la kutuzwa kama lilivyo, la elfu mojamoja na mbilimbili, limekunjamana.

"Elfu thelathini yako. Hesabu."

"Hakuna haja, Mzee."

"Hesabu, mwanangu. Pesa huhesabiwa."

Nikahesabu mbele yake, taratibu, chini ya taa ya mlangoni. Zilikuwa elfu ishirini na nane.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, Mzee," nikasema, nikazitia mfukoni.